Siku Niliyofundisha Kiingereza kwa Jina la Dada

Jumapili, Kanazi. Mvua ilianza tulipokuwa tunatoka kanisani na mpaka sasa haijakata. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani. Mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo sijui kama maandishi haya yatapanda kwenye blogu leo. Nimekaa kitandani, miguu ndani ya blanketi, na nina furaha ambayo sina hakika kama ninaistahili.

Shajara, wiki nzima sijakuandikia. Nilikuwa naona haya.

Wanaonisoma hapa tangu mwanzo wanajua ninachokihangaikia. Kwa anayefika leo: naitwa Edita, nina miaka thelathini na moja, na natafuta kazi ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Cheti cha ualimu sina. Nilimaliza kidato cha sita, kisha nikapata kazi ya ukalimani kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi kutoka Burundi. Kihangaza, lugha yetu ya huku Ngara, na Kirundi ni ndugu, Kiswahili nilikipata shuleni, na Kiingereza nilikijenga palepale kituoni, nikiwa nimesimama katikati ya mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni na daktari aliyetoka ng'ambo. Miaka sita. Kisha mradi ukafungwa, tukapewa barua za shukrani, tukarudi shambani.

Barua ya shukrani si cheti. Hilo nimeambiwa kwa adabu na watu wengi.

Nimetuma maombi Asia, nimetuma Uarabuni, nimetuma hata kwenye nchi ambazo ilibidi kwanza nizitafute kwenye ramani. Matangazo yanasema cheti si lazima, ukisoma hadi chini unakuta wanataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza, kutoka nchi chache walizoziorodhesha, na yetu haimo. Mara moja nilipata usaili wa simu. Yule bwana alinisifu kwa dakika kumi nzima, akasema matamshi yangu ni safi. Halafu akaniomba niwashe kamera. Nikaiwasha. Akanitazama, akasema mtandao wake una shida, atanipigia.

Huo ni mwaka wa pili sasa. Nadhani mtandao wake bado una shida.

Basi wiki iliyopita akanipigia Goreth. Goreth ni Mrundi, nilimtafsiria siku aliyofika kituoni, na tukabaki marafiki hata baada ya yeye kurudi kwao Muyinga. Akaniambia shule ya binafsi anakosoma mwanawe inaacha Kifaransa na kuhamia Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza waliyekuwa naye ameondoka. Nilijiona mjinga. Miaka miwili nauliza habari za nchi zilizo ng'ambo ya bahari, kumbe nje ya nchi ni pale tu ukivuka mpaka wa Kabanga, mahali ambapo hata nikinunua nyanya sokoni hakuna anayejua kwamba mimi ni mgeni.

Nikamwandikia mkurugenzi wa shule, mama mmoja anaitwa Madamu Generose. Akajibu siku hiyohiyo. Njoo Jumatano, utafundisha somo moja nikuone. Lete cheti cha ualimu.

Hapo ndipo inapoanzia sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Dada yangu Evodia ni mwalimu. Ana cheti cha ualimu wa shule ya msingi, amekitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo, na tangu amalize chuo anasubiri ajira ya serikali. Kila majina yanapotoka anayapitia mara mbili, kisha anarudi kufundisha kwa kujitolea kwenye shule ya hapa chini, hesabu, darasa la sita. Ni mwalimu mzuri. Ila Kiingereza kinamtisha. Akikiona anasimama mbali nacho kama mtu aliyeona mbwa asiyemfahamu.

Nilipomsomea ujumbe wa Madamu Generose alikuwa anamenya ndizi. Alinawa mikono, akaingia chumbani kwake, akatoka na ule mfuko.

"Chukua," akasema. "Kimekaa sandukuni bure. Angalau kitembee."

"Dada, kina jina lako."

"Si wote tunaanza na E? Jina la ukoo ni moja. Sema Evodia ni jina la ubatizo na Edita ni la nyumbani. Nani atajua?"

Ningeweza kukataa. Naliandika hili hapa ili nisije nikajidanganya siku za mbele: sikukataa, wala sikufikiria kwa muda mrefu. Nilimbusu dada yangu shavuni, nikaenda kutafuta bahasha.

Nimejiuliza wiki nzima kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Nafikiri ni ile kazi ya ukalimani. Mkalimani hasemi "huyu mama anasema mumewe amepotea". Anasema "mume wangu amepotea". Ndivyo tulivyofundishwa. Kwa miaka sita nimesema "mimi" nikiwa na maana ya mtu mwingine. Nimekuwa mjane, nimekuwa mzee wa miaka themanini, nimekuwa mwanamume aliyechomewa nyumba. Kuwa Evodia kwa siku moja hakukuniogopesha.

Jumatano nikaondoka kabla jua halijachomoza vizuri. Bodaboda hadi Ngara mjini, gari hadi Kabanga, hati ya kusafiria ikagongwa muhuri pande zote mbili, kisha teksi ya watu sita upande wa Burundi, ambako magari yanashika kulia na moyo wangu hukataa kabisa kuzoea. Nikafika shuleni nikihema, naogopa nimechelewa. Mlinzi akanionyesha saa ya ukutani. Nilisahau kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikakaa kwenye benchi saa nzima, bahasha mapajani, nikijifunza kuitwa Evodia.

Madamu Generose ni mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Anaongea Kiswahili cha watu walioishi huku na kule. Alisoma cheti, akatazama hati yangu, akauliza mbona majina mawili. Nikatoa lile jibu la ubatizo. Lilitoka mdomoni bila kukwama. Akaandika kitu kwenye daftari, akanipeleka darasa la tano.

Watoto walisimama wote kwa pamoja. Madamu akawaambia, "Huyu ni Madamu Evodia." Wakaitikia, "Good morning, Madamu Evodia!"

Nyuma ya darasa walikuwa wamekaa walimu wanne, wamekuja kuniangalia.

Nikaanza vibaya. Nilitaka kuwaambia kwamba leo tutasoma, tuta-read, na kwa woga ulimi ukarudi kwao. Nikasema "lead". Huku kwetu r na l zinabadilishana viti zinavyotaka, na Warundi nao wana lao na hizo herufi. Watoto hawakugundua. Ila mwalimu mmoja wa kiume kule nyuma aliinua uso kutoka kwenye daftari lake.

Nikasimama. Nikaona nina njia mbili, kuendelea kama vile hakuna kilichotokea au kusema. Ajabu ni kwamba mtu aliyeingia na cheti cha kuazima aliona aibu kudanganya juu ya herufi moja.

Nikageukia ubao, nikaandika "rice", na chini yake "lice". Nikawaambia, kwa Kiingereza cha polepole na pale walipokwama kwa Kirundi, habari ya siku moja kituoni. Mama mmoja alisema watoto wake hawana mchele, hawajala tangu jana. Nami nikamgeukia daktari nikamwambia watoto hawana chawa. Daktari akafurahi sana. Akaandika, akamwita anayefuata. Yule mama akabaki amesimama, ananitazama mimi, haelewi kwa nini ameambiwa aende zake.

Darasa lilicheka kwenye chawa. Nilipofika kwa yule mama likanyamaza.

Nikawaambia, mama huyo nilimrudisha, alipata chakula, lakini usiku huo nilisimama mbele ya kioo na kujifunza ulimi wangu unakaa wapi. Kwenye l unagusa nyuma ya meno ya juu na kubaki hapo. Kwenye r haugusi kitu, unaelea. Watoto wakafungua midomo, wakatazamana ndimi, wakashika mashavu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Ineza, alijaribu mara nyingi hata machozi yakamlenga, kisha ikatoka. "Rice." Safi kabisa. Akaruka. Darasa zima likapiga makofi, na nilipotazama nyuma nikaona walimu wanne nao wamefungua midomo, wanaelea.

Sijui niandike vipi kilichonipata. Kituoni nilikuwa mfereji, maneno yanapita tu. Hapa maneno yalikuwa yangu, na yalikuwa yanabaki ndani ya watu. Kengele ilipolia watoto walikataa kutoka. Walikuwa wanaimba, "Thank you, Madamu Evodia."

Saa nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na ikaandikwa kwa jina la mwingine.

Ofisini Madamu Generose alikuwa ameshaandaa mkataba. Mwaka mmoja, kuanzia muhula ujao, na chumba cha kuishi nyuma ya shule. Alikuwa anatabasamu. Akanipa kalamu.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri yangu iliamka. Haikuamka. Nilikuwa nimeshaamua kusaini. Nikaandika E. Kisha mkono, kwa mazoea ya miaka yote, ukaandika d.

Nikazitazama herufi hizo mbili. Ningeweza kuligeuza lile d likafanana na v, lilikuwa dogo tu. Nilifikiria hilo, kweli. Lakini nilikuwa nimekaa muda mrefu mno bila kuandika, na Madamu alikuwa ameshavaa miwani yake.

"Kuna nini?"

"Mimi siyo Evodia," nikasema. "Evodia ni dada yangu. Cheti ni chake. Mimi naitwa Edita na sina cheti."

Akachukua karatasi, akaisogeza upande wake wa meza.

"Aliyefundisha pale ni nani?"

"Ni mimi."

"Na yule mama wa mchele?"

"Ni kweli, Madamu. Hiyo yote ni kweli."

Nje watoto walikuwa wanacheza kamba, nasikia bado wanatamka yale maneno mawili, rice, lice, rice, lice.

"Nilikuwa na mwalimu mwenye karatasi tatu," akasema hatimaye. "Zote zake. Alikuwa analala darasani. Nikamwondoa. Sasa nimempata anayefundisha, na ananidanganya nyumbani kwangu." Akanirudishia bahasha. "Mkaguzi wa wizara akija na kukikuta cheti hiki, anafunga shule. Ulilifikiria hilo?"

"Hapana."

"Nenda. Nenda kabla sijaanza kukuonea huruma."

Nikaenda. Sikulia hadi Kobero mpakani, na hapo nililia mbele ya ofisa wa uhamiaji, ambaye aliniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Nyumbani nilimwambia Evodia kila kitu. Nilidhani atanipa pole. Akauliza kitu kimoja tu.

"Umenitaja?"

"Nimekutaja."

"Jina lote?"

"Liko kwenye cheti, dada. Alishalisoma."

Uso wake ulibadilika nikaona nilichomfanyia. Kama Madamu Generose ataandika barua, kama habari zitavuka mpaka na kufika kwenye ofisi yoyote, jina la Evodia halitatoka tena kwenye orodha ya ajira. Miaka yake yote ya kusubiri, mimi niliibeba kwenye bahasha na kwenda kuichezea. Ni yeye aliyenipa, ni kweli. Lakini alinipa ili nifanikiwe. Hakunipa ili nikaungame.

Alhamisi hatukusemezana. Ijumaa aliniambia nitoe mbuzi. Jumamosi aliniuliza chumvi iko wapi. Mama, ambaye hatujamweleza lolote, alitutazama tu na kwenda shambani na jembe lake.

Mimi siku hizo tatu nilikuwa nafanya hesabu ya ajabu kichwani. Kama ningeliandika lile v. Kama nisingesema kitu. Kila usiku... hapana, si usiku. Mchana kweupe, nikipalilia kahawa, nilijikuta natamani ningekuwa mwongo hodari zaidi. Hilo nalo niliandike, kwa sababu watu wakisoma habari ya mtu aliyesema ukweli hufikiri alijisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia mtu asiye na kazi ambaye dada yake hamsemeshi.

Leo baada ya misa, tumeshaingia ndani kwa ajili ya mvua, simu ikaita. Namba ya Burundi.

Nilitoka barazani. Nikasema, "Shikamoo, Madamu," na sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyeitwa ofisini.

"Marahaba. Unanisikia? Hapa kuna mvua."

"Hata huku."

"Sikiliza. Kazi ya kuwafundisha watoto bila cheti siwezi kukupa. Usiniombe."

"Siombi, Madamu."

"Lakini nina walimu kumi na mmoja. Kuanzia mwaka ujao wote wafundishe kwa Kiingereza, na wengi hawakijui. Walimu ni watu wazima. Mtu mzima anaweza kufundishwa na yeyote anayemtaka, wizara haina neno." Akavuta pumzi. "Na wao wanakutaka. Tangu Jumatano kila nikiingia ofisini kwao nawakuta wametoa ndimi. Wananiuliza yule mwongo wa Ngara anarudi lini."

Sikujua kama nicheke.

"Miezi mitatu," akaendelea. "Mchana, baada ya masomo. Ndani ya miezi hiyo uniletee barua ya chuo kwamba umeanza kusomea ualimu. Na siku ya kwanza, kabla hujaingia kwa walimu, unaingia darasa la tano. Unawaambia jina lako ni nani na kwa nini uliwapa lingine. Mimi sitakusaidia. Utawaambia mwenyewe, kwa Kiingereza."

"Na dada yangu?" nikauliza. "Cheti chake?"

"Cheti gani? Mimi nilimwona mtu akakosea kusaini, akaenda zake."

Akakata.

Nilisimama barazani mpaka mvua ikanilowesha upande mmoja. Kisha nikaenda jikoni. Evodia alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamweleza, nikianza na habari ya cheti chake, kwamba hakuna barua itakayoandikwa. Mabega yake yalishuka. Ndipo nikamweleza habari yangu.

Aliendelea kuchambua. Jiwe moja, jiwe jingine.

"Kwa hiyo mwenye cheti anabaki," akasema, "na asiye na cheti anakwenda."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana liliuma. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Mvua ilikuwa inapiga bati juu yetu.

"Huko hesabu anafundisha nani?" akauliza.

"Sijui. Sikuuliza."

"Na itakuwa kwa Kiingereza?"

"Kila kitu kitakuwa kwa Kiingereza."

Akachukua maharage machache, akayatazama kiganjani kana kwamba anayahesabu.

"Hesabu haina maneno mengi," akasema. "Jumlisha, toa, zidisha, gawanya. Hayo unaweza kunifundisha kabla hujaondoka." Halafu akainua ungo, akaupepeta mara moja. "Ukifika, waulize kama wanahitaji mwalimu wa hesabu. Waambie huyu ana cheti. Waambie na jina lililoandikwa humo ni lake."

Nikacheka kwanza mimi, kisha yeye. Mama akaja mlangoni na mwavuli, akauliza kuna nini. Tukamwambia hakuna kitu, Mama, karibu ndani, na tukazidi kucheka mpaka maharage yakamwagika.

Sasa Evodia ameenda chumbani kwake, na mimi niko hapa na daftari jipya. Kesho nitakwenda Ngara mjini kuulizia fomu za chuo, na jioni tunaanza na jumlisha. Nimemwahidi Evodia kwamba nitamuulizia kazi huko, na nitauliza, siku ileile ya kwanza, nikishatoka darasa la tano.

Lakini swali ninalolala nalo leo ni hili, shajara, na sijamwambia mtu: wakiniambia wana nafasi moja tu, na wanamtaka yeye, nitafurahi?

Nataka sana jibu liwe ndiyo.